Bibi Mswaki, Mlezi wa Meno ya Utotoni

Ndugu, jamaa na majirani mliotufuta machozi tangu msiba ulipotufika, familia inawasomea maisha ya mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Mswaki, naye akaliitikia jina hilo kwa haraka kuliko lile la cheti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi cherehani, akiwa mtoto wa tatu na, kwa maneno ya baba yake, wa kwanza kwa ubishi. Alianza shule ya msingi kando ya stesheni ya reli mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, kisha akajiunga na chuo cha afya, alikohitimu utabibu wa meno tarehe 30 Novemba 1973.

Tarehe 2 Januari 1974 aliripoti katika kliniki ya watoto iliyo nyuma ya soko, akakuta kiti kirefu cha chuma ambacho watoto walikiogopa kama simba, akakisukuma pembeni, akawa anakaa kwenye stuli, goti kwa goti na mzazi, kichwa cha mtoto kikilala mapajani pake, akimpapasa ufizi huku akimwimbia. Aliwafundisha wazazi kufuta ufizi wa mtoto mchanga kwa kitambaa safi chenye maji, kushika mswaki mara jino la kwanza linapochomoza, kupaka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na kutomlaza mtoto na chupa ya kitu kitamu mdomoni, kwani, alisema, sukari haina usingizi.

Hapo ndipo alipomwona mumewe, fundi saa, aliyekuja ameshika taya, akaambiwa kliniki ni ya watoto, akajibu kwamba hata yeye ana mama, akatibiwa, na wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1989 alimwonya mke wa kaka yake kuhusu chupa ya juisi aliyokuwa akimlazia mwanawe, akajibiwa, "Wifi, meno yenyewe ni ya kung'oka tu," na salamu zikakatika kati ya nyumba mbili zinazotazamana. Mchana wa tarehe 21 Agosti wifi huyo alitokea mlangoni mwa kliniki bila viatu, amembeba mtoto wa miaka mitatu, shavu limevimba hadi jicho limefumba, mwili unawaka homa. Marehemu alijua usaha wa jino ukishapanda vile haungoji, akamkumbatia mtoto, wakakimbilia hospitali kuu kwa teksi, mtoto akatundikiwa dripu, akalazwa kwa dawa ya usingizi, meno yaliyooza yakang'olewa. Kwenye benchi la ukumbini wifi alianza kuomba radhi, marehemu akamkatiza, "Kaa karibu yangu, wifi, lawama haziponyi shavu." Asubuhi ya tatu shavu lilinywea, jicho likafumbuka, mtoto akauliza viatu vyake viko wapi, na mawifi wale wawili wakacheka na kulia pamoja hadi muuguzi akawaomba wapunguze sauti. Tangu hapo hawakuachana, na wifi ndiye aliyewahimiza kina mama wengine watupe chupa, kwa ukali kumshinda marehemu.

Alistaafu mwaka 2011. Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2022, na kilichomtisha hakikuwa kifo, bali kufa akitweta, nasi tuliihofia siku hiyo pamoja naye. Haikuja hivyo. Wiki ya mwisho dawa zilimtuliza, akalala vizuri, akamtania mumewe, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, nyumbani, akiegemea bega la mumewe, alivuta pumzi moja ndefu, akatulia. Tunalia, lakini kweli isemwe, tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwondolea maumivu, majirani waliopokezana kukesha naye, wafanyakazi wenzake wa kliniki, na wifi yake, aliyehamia kwetu kumuuguza bila kuombwa.

Pumzika sasa, mama, kwa amani, kifua kikiwa chepesi.