Theophil, Mtu wa Laini

Ndugu, majirani na marafiki mliotoka New Hope, Hopkins, Savage na kwingineko, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtulie msikie safari ya ndugu yetu Theophil Elirehema Mmbaga, iliyoandikwa na dada yake Elinaja kwa mkono wake mwenyewe, na ndiye anayeisoma, kwa ahadi aliyompa marehemu, na pale atakaposoma polepole mumvumilie, leo hakuna anayemkimbiza.

Theophil alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, Mbaga, wilaya ya Same, mtoto wa mwisho wa mzee Elirehema na mama Nakunda, akiwa mzito hivi kwamba mkunga alimuuliza mama kama huyu amezaliwa au amehamia. Mama alifariki mwaka 1963, na Elinaja, aliyekuwa na miaka kumi na moja na ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, akatolewa shule ili amlee mdogo wake, akambeba mgongoni kisimani na shambani, na wote mliomwona Theophil mnaelewa kwamba kumbeba hakukuwa kazi ndogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mbaga kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari Same, na Agosti 1983 akapata ufadhili wa kanisa kuja chuo hapa Marekani, mjini Saint Paul, ambako kocha mmoja alimwona akipita mlango wa bwalo kiubavu, akamkimbilia na sahani yake mkononi, akamwingiza kwenye mpira wa Kimarekani. Alipangwa safu ya mbele, ile ya watu watano wanaosimama bega kwa bega kumkinga mwenzao mwenye mpira, wao wenyewe hawaukimbizi wala hawafungi, na safu hiyo wachezaji wanaiita laini. Basi mwaka 1984 akaandika nyumbani, "Dada, sasa mimi ni mtu wa laini," Mwalimu Elkanah wa pale kijijini, aliyemsomea Elinaja barua kwa kuwa yeye hakujua kusoma, akaisoma mbele ya majirani, na Elinaja akaona aibu kubwa, kwa sababu yeye alilea dume, akasema, "Mwalimu, mjibu ale ashibe, Marekani isimlainishe, na umuulize amefunga magoli mangapi." Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, hajafunga hata moja, na hajawahi kufurahi hivyo maishani.

Alimaliza chuo mwaka 1987, na mwaka 1989 akaajiriwa kuwa muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee Hopkins, alikofanya kazi miaka ishirini, wazee wakigombea zamu yake kwa sababu alijua kumnyanyua mtu bila kumshtua. Mwaka huo huo, Jumamosi tarehe 8 Julai, alifunga ndoa na Imelda hapa Minneapolis, wakajaliwa watoto wawili, Naftali mwaka 1991 na Fadhila mwaka 1994.

Mwaka 2000, akiwa na miaka thelathini na tisa na magoti yanayolalamika, alijiunga na timu ya wafanyakazi inayocheza Jumamosi New Hope, Kiprop akiwa bega lake la kulia, na nyuma yao Hemed, mrusha mpira. Elinaja alikuja kuishi nao Mei 2002, na kwa miaka miwili alikataa kwenda uwanjani, akisema hawezi kutazama mtu mzima akisukumana bure. Alikwenda Jumamosi tarehe 18 Septemba 2004, akawa anaufuata mpira kwa macho na haelewi kitu, mpaka Fadhila akamshika kidevu akakigeuza, "Shangazi, achana na mpira, muangalie baba." Ndipo akamwona mdogo wake ameinama, mkono chini, watu watano wakipumua pamoja, halafu wakainuka kwa mara moja, wakagongana na wapinzani, mlio ukafika hadi kwenye viti, na nyuma yao Hemed amesimama wima kama mtu anayesubiri chai. Watu wakamshangilia Hemed, lakini Elinaja alipiga vigelegele peke yake kwa Theophil, hadi Kiprop akageuka na kusema, "Leo laini imepata shabiki!"

Nyumbani Theophil akamwambia kwamba kazi ya laini ni kumpa mwenzako muda, na raha yake ni kusikia upepo wa mtu anapita salama nyuma ya mgongo wako, hata hujageuka, na kwamba wa kwanza kumfanyia hivyo alikuwa yeye dada. Jumapili iliyofuata akazima televisheni, akawatoa watoto jikoni, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza kumfundisha kusoma, na hata neno likimchukua dakika nzima hakumsemea.

Oktoba 2005 Elinaja alisoma peke yake karatasi nzima ya matangazo ya ibada ya Kiswahili, akafika kwenye habari za mechi, Hemed ametajwa mara mbili, Kiprop mara moja, Theophil hayumo, akavaa koti aende kwa katibu. Theophil alicheka mpaka kiti kikalia, akasema, "Dada, mtu wa laini akitajwa jina ujue amekosea, refa ndiye anayetutaja, tukimshika mtu jezi!"

Februari 2009 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hapa Minneapolis, na mwezi wa nane akamwomba Elinaja aandike historia hii mwenyewe, asiandikiwe, na amsome kwa majina yake yote matatu. Alifariki Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, muda ambao timu huingia uwanjani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa New Hope kwa vyakula, wafanyakazi wenzake wa Hopkins, na timu nzima, hasa Hemed, ambaye jana alileta jezi yake mwenyewe, akaonyesha kwamba mgongoni haina hata doa moja la nyasi la kuangushwa.

Theophil Elirehema Mmbaga, jina lako limesomwa lote mbele za watu, na hukukosea chochote. Dada yako amefika mwisho wa ukurasa. Pumzika kwa amani.