Hoteli ya Mama Denyse

Ninatangaza rasmi kwamba kijana aliyesoma shule ya bweni hasikilizi mazungumzo ya watu wazima. Basi la Kigali lilipotoka Gisenyi, nilifungua dirisha ili nitazame mandhari, nikasikiliza.

Mama mmoja wa kiti cha mbele yangu, mwenye kikapu cha sambaza kavu, vile visamaki vya Ziwa Kivu, miguuni, alimwonyesha jirani yake wa kiti picha kwenye simu. "Denyse, mutoto wangu, iko Brussels. Anasema nichague hoteli ya kulala nikienda kumuona."

Jirani, mzee aliyekulia Tanzania, alizikagua picha kama mnunuzi wa ng'ombe. "Hii ina bafu la marumaru. Chagua hii, mama. Binti amekuheshimu."

"Denyse iko na nyumba, baba. Nyumba ya vyumba ine."

"Labda anataka upumzike."

"Ameniuliza mara mbili kama nitakuja na sambaza."

"Basi anazitamani."

"Bon. Atakuja kuzikulia kwa hoteli?"

Mzee akarudi kwenye habari za marumaru.

Basi liliposimama Rugerero, mama akanigeukia. "We kijana, mvua inakulowanisha. Dirisha umefungua juu ya nini?"

Kwa kawaida uongo hunijia haraka. Siku hiyo haukuja.

"Harufu, mama," nikakiri.