Bi Ukoo na Skripti Zinazoitana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza kanzidata ya wagonjwa hapa hospitalini, Bi Ukoo anastaafu tarehe 30 Juni. Kompyuta zinashusha pumzi. Sisi roho juu.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Skripti, yaani mafaili ya maagizo kwa kompyuta, wenzake huzipa namba. Yeye alizipa undugu. Bibi humwita Mama, Mama humwita Shangazi, kisha Mjomba. Ukimwendesha Bibi tu, ukoo mzima unaamka kwa zamu. Ndiyo maana siku moja mfanya usafi, aliposikia kwamba Mjomba kafa katikati na Bi Ukoo kamfufua mara mbili bila mafanikio, alizunguka korido nzima akitangaza msiba. Kufika saa nne wauguzi saba walishakuja kutoa pole. Bi Ukoo alizipokea zote, akaagiza na chai.

Miaka sita iliyopita tulihamia mashine mpya, na mimi kwa kiherehere changu nikamwandika upya Shangazi. Mwishoni nikaweka amri ya kutoka. Nilipomjaribu peke yake, safi kabisa! Alipoitwa na Mama, alitoka akawafungia kazi wote. Mjomba, anayebeba orodha ya dawa zinazowadhuru wagonjwa, hakuitwa kabisa. Skrini haikulalamika, na mimi nilikuwa nishaanza kujipongeza.

Bi Ukoo alitazama saa, akasema ukoo wake haujawahi kumaliza kazi upesi namna ile. Akakataa kufungua mfumo mpaka ajue nani karukwa. Mkurugenzi akaja amefura, madaktari wakajazana mlangoni, mama wa watu akakaa kitini kama gogo. Baada ya dakika arobaini Mjomba alikuwa mahali pake, na mgonjwa mmoja wa wodi ya tatu hakuchomwa sindano ambayo ingemuua. Mimi aliniambia tu kwamba mtoto akishiba huondoka mezani, hazimi jiko wenzake hawajala. Aibu niliyoona siku ile ninayo mpaka leo.

Na sasa anayerithi kazi yake ni mimi. Ndiyo, mimi huyuhuyu. Poleni.

Ijumaa iliyopita alinikalisha kwenye kiti chake, nimwendeshe Bibi bila msaada. Mwishoni mwa ukoo nikakuta skripti mpya isiyo na jina la undugu. Kuifungua, ina mstari mmoja tu: kufuta ruhusa ya kuingia ya mtumishi namba nne, yaani yeye mwenyewe. Nikamsihi abonyeze yeye. Akakataa katakata, akasema anayemsindikiza mgeni ni mwenye nyumba. Nikabonyeza, machozi yakinitiririka mbele ya ofisi nzima bila aibu.

Asante, mama yetu. Tunakutakia siku nyingi zenye afya, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na wajukuu wanaoitika wakiitwa.