Kitanda Chenye Tiki Tatu

Benchi letu la kahawa limeegemea ukuta unaotenganisha karakana ya Cheche, mchomeleaji, na ya Randa, seremala. Mimi fundi viatu nina pembe yangu ya kudumu hapo. Mama Uzi, mshona magodoro, yuko ng'ambo ya barabara. Mwezi uliopita Cheche, Randa na Mama Uzi walipewa kazi moja: kitanda cha pili cha kujifungulia cha zahanati, maana kilichopo ni kimoja na kina mama ni wengi. Wakasema wanashirikiana kisasa. Wakaweka programu kwenye simu zao na ya muuguzi wa zahanati. Kila anayemaliza sehemu yake anabonyeza tiki ya kijani. Tiki zote tatu zimewaka tangu Jumatatu. Leo Ijumaa, kitanda hakijafika, na mimi niko kikombe cha pili cha kahawa, najichekea.

CHECHE: Fremu yangu tayari. Tiki hii hapa. Zogo la nini sasa?

RANDA: Na mbao zangu tayari. Tena tiki yangu iliitangulia yako.

MAMA UZI: Godoro liko dukani siku ya tano, wateja wanalikalia tu. Ni mtandao, ndugu zangu.

CHECHE: Mtandao gani? Jana nimeangalia mpira bila kukwama.

RANDA: Mpira mwepesi, bwana. Kitanda ni chuma. Kinapita hewani kwa taabu.

MIMI: Randa, kahawa yako wamekutilia nini?

MAMA UZI: Mwache. Shemeji yangu anajua kompyuta, anasema simu zinaoneana wivu. Yangu ndogo, zenu zinaidharau.

CHECHE: Hamna kitu! Ni setilaiti. Inapita juu ya duka lako, inaona mtu kakaa kwenye godoro. Inaandika: mgonjwa yuko kitandani, kazi imekwisha.

RANDA: Hapo umenena! Basi tuongeze tiki ya nne, ya kuizindua setilaiti.

Wote wakainamia simu kuitafuta hiyo tiki ya nne. Ndipo muuguzi wa zahanati akatokea, sare imelowa magotini. Tulimsogezea nafasi, hakukaa.

MUUGUZI: Shikamooni.

MIMI: Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

MUUGUZI: Asante, sina muda. Niliziona tiki tatu, nikajua kitanda kiko njiani. Leo asubuhi wamekuja kina mama wawili. Mmoja kakiwahi kitanda, wa pili nimemzalisha sakafuni.

MAMA UZI: Jamani! Mzima?

MUUGUZI: Mzima, na mtoto. Wa tatu anatarajiwa kujifungua jioni. Hebu niambieni, hivyo vipande vitatu anaviunganisha nani?

Cheche akapandisha programu, akaishusha. Randa akachungulia simu ya Cheche kana kwamba yake ina kasoro. Kulikuwa na mstari wa fremu, wa mbao na wa godoro, basi. Mimi mwenyewe nilishikwa na aibu, maana siku tano nzima nimeviona vyote vitatu kutoka pale nilipokaa.

Muuguzi alituacha benchini. Aliingia karakana ya Cheche, akainua fremu upande mmoja, akasimama nayo hivyo hivyo, akitutazama, akisubiri mtu wa kushika upande wa pili.