Kengele Iliyolia Bila Kunusa

"Pii! Kila alfajiri, mke wangu akiwa bado amelala, naibonyeza kengele ya hewa ya sumu, inalia," alisema mzee kwenye basi. Alikuwa dereva mstaafu, na siku hizi yeye na mkewe waliishi ndani ya gari lenye kitanda na jiko la gesi. Bibi mmoja aliyekuwa akifuma kwenye kiti cha nyuma akatega sikio.

Fundi wa magari, binti aliyekaa kando ya mzee, akamrudishia barua ya kiwanda cha kengele hiyo, aliyokuwa amempa aisome. "Mzee wangu, kitufe kinapima sauti tu. Kengele za toleo hili hazinusi hewa ya sumu, ndiyo maana kiwanda kinataka zirudishwe. Mama yuko wapi?"

"Amelala. Kichwa kinamuuma tangu jana."

"Mpigie! Azime jiko, atoke nje!"

Simu iliita, ikaita. Bibi akaacha kufuma.

"Niko nje naanika nguo," mke akaitika. "Hata kichwa kimeanza kuachia. Kuna nini?"

Bibi akashusha pumzi. Basi likasimama kwenye kituo cha mzee. Fundi akashuka na mzee kwenda kukagua jiko, ingawa kituo chake yeye kilikuwa bado mbali.

"Lakini inalia, mwanangu!" mzee alizidi kubisha.

"Mlete huyo binti," akasema mkewe, aliyekuwa akiwasikia kwenye simu, "na umwambie aje tena, hata kama hakuna kilichoharibika."