Habari ya Wanza: Maisha ya Mwalimu Loise Charo, 1870–1913

Imesomwa makaburini na ndugu yake, Chengo Charo, Jumatano tarehe 8 Oktoba 1913. Nakala kumi na mbili zimeandikwa kwa mkono na waliokuwa wanafunzi wa marehemu.

Marehemu Loise Charo alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1870, mtoto wa kwanza wa Mzee Charo na Mama Mbodze. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alishikwa na ndui. Majirani walikwisha kuulizana nani ana jembe la kuchimbia kaburi. Siku ya kumi na tatu aliketi kitandani akaomba muhogo wa kuchoma, tena akasema usiwe mbichi kama ule wa juzi. Ugonjwa ulimwachia makovu usoni, na watoto wa shule walipomuuliza ni nini, aliwajibu: "Ndui ilibisha hodi kwangu ikapita zake. Haiji mara mbili nyumba moja." Naomba msikilizaji aliweke jibu hilo, litahitajika mbele.

Alisoma kwa wamisionari pale pale Rabai, kisha akavuka kwenda Kisauni kusomea ualimu, akahitimu Desemba 1892. Mimi, mdogo wake, nilikuwa nimeshakimbilia merikebu kabla sijamaliza kitabu cha pili. Yeye alisoma kwa niaba yetu sote wawili.

Tarehe 7 Januari 1895 alifungua shule ya watoto wadogo hapa Bondeni, katika chumba cha nyuma ya duka la Bwana Yeslam, muuza viungo. Alianza na watoto tisa, na kufikia 1899 walikuwa thelathini na mmoja. Aliwafundisha kusoma, kuandika na hesabu, lakini kitabu chake kikubwa kilikuwa majira ya mwaka. Wakati wa masika watoto walisimamisha fimbo yenye mafundo uani wakapima maji. Kipupwe walitengeneza tiara za karatasi na njukuti za mnazi. Vuli walipanda mahindi kando ya ukuta, na kaskazi walipima kivuli cha mlango kwa chaki.

Kila mtoto alitoa habari moja ya nyumbani kwa juma, na Mwalimu aliiandika katika daftari vile vile ilivyosemwa, mbele ya macho ya mtoto. Majira yalipokwisha aliteua habari kadhaa, akazinakili kwenye karatasi kubwa iliyoitwa Habari za Majira, akaibandika kwenye mlango wa Yeslam unaotazama njia. Lakini kwanza alikwenda kwa mwenye habari, mtoto na wazazi wake, akauliza: "Tubandike?" Wakikataa, habari ilibaki daftarini. Sheria ilikuwa hiyo moja: mwenye habari ndiye mwenye ruhusa.

Karatasi chache za miaka ile zimesalia. Masika 1896: "Maji yamefika fundo la tatu. Chura amehudhuria hesabu siku mbili, wala hakukosea zaidi kuliko sisi." Kipupwe 1897: "Tiara tisa zimeruka. Ya kumi imeangukia kwa jirani asiyetaka kuirudisha. Jirani amekubali tuandike." Vuli mwaka huo huo: "Mahindi kumi na manane yameliwa na mbuzi wa Bwana Yeslam. Tumejifunza kutoa."

Hiyo ya mwisho ilimleta Yeslam mpaka darasani.

"Mwalimu, umemvunjia heshima mbuzi wangu mbele ya Mombasa nzima."

"Nilikuuliza, ukaniruhusu."

"Niliruhusu mimi. Mbuzi hukumuuliza."

"Basi aje mwenyewe anikatalie."

Watoto walicheka mpaka somo likavunjika.

Tarehe 27 Juni 1896, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na Bwana Benard, karani katika ofisi moja hapa kisiwani. Alimposa kwa kusoma Habari za Majira pale mlangoni kila jioni, karatasi ile ile, hata Yeslam akamuuliza kama ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Mungu hakuwajalia mtoto. Nyumba yao ilikuwa na meza moja, na juu ya meza hiyo Mwalimu aliweka daftari lake, kwa sababu katika nyumba ya watu wawili hakuona wa kumficha.

Sasa nimefika kwenye fungu ambalo niliombwa nilikate.

Mwaka wa njaa, 1898, watu wengi walishuka kutoka bara. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa Ukambani na binti yake Wanza. Walikaa katika kibanda cha makuti huku Bondeni, na mume wa yule mama alibaki bara akifanya kazi kwenye njia ya reli. Wanza aliingia shuleni. Jumatatu tarehe 15 Mei 1899, akiwa na umri wa miaka minane, alitoa habari yake: "Baba amerudi kutoka njia ya reli. Amelala nyuma ya pazia. Mama anampa uji kwa kata ya mpini mrefu, nami nimeambiwa nisimguse."

Mwalimu aliandika mpaka neno la mwisho, maana mtoto alikuwa anatazama. Kisha aliwaambia watoto kwamba paa linavuja, akafunga shule kwa majuma matatu. Siku iliyofuata aliwapeleka wote, mmoja mmoja, wakachanjwe. Jioni ya Jumatatu ile alikwenda kibandani, akafunua pazia, akaona alichokwisha kukijua.

"Mwalimu," mama akamwambia, "wakijua watamvusha maji, na nyumba wataitia moto. Usiibandike."

"Haibandikwi. Habari ni yenu."

Kwa kuwa ndui haikuwa na la kumfanya, kila jioni alikwenda yeye kumwosha mgonjwa na kumlisha, akachoma matambara yake kwa mkono wake. Wanza na mama yake hawakutoka nje. Kufikia siku ya kumi magamba yalikuwa yameanza kupukutika, na mgonjwa aliomba tumbaku.

Alhamisi tarehe 25 Mei askari walikuja mvuani. Mkubwa wao alikuwa ameshika daftari la shule. Alilifungua akasoma mbele ya watu, kata na mpini wake mrefu, kila neno. Mama yake Wanza aliutazama mwandiko ule. Alimtazama dada yangu aliyekuwa amesimama na bakuli la uji, akasema: "Huo mkono ni wako, Mwalimu."

Mume wake alichukuliwa kwa machela mpaka kambi ya wagonjwa ng'ambo, akafa huko tarehe 2 Juni. Kibanda kilimwagiwa mafuta ya taa, kikateketea na vyote vilivyokuwamo. Majirani waliuliza ni nani aliyepeleka daftari. Bwana Benard alikuwa amesimama mlangoni pake. Alisema: "Mambo ya shule ni ya mke wangu. Mimi siyajui."

Nimeishi katika bandari zenye maradhi. Bombay nimeona mitaa mizima ikipakwa chokaa, na Aden nimewekwa karantini siku arobaini na watu wa mataifa saba, tukitukanana kwa lugha zote. Najua kwamba mtu anaweza kutoa habari ya ugonjwa kwa moyo safi, kwa kuuhofia mji. Kama Bwana Benard angesimama siku ile akasema, "Ni mimi, niliogopa," nisingekuwa na la kusema leo. Wengine wangemlaumu, wengine wangemshukuru. Hakusema. Aliuacha mkono wa mkewe ushitakiwe peke yake, siku ile na kila siku iliyofuata kwa miaka kumi na minne, akaketi kanisani safu ya mbele.

Shule ilipofunguliwa tena, watoto thelathini na mmoja walikuwa wanne. Wanawake waliokuwa wakimletea Mwalimu mkate wa mofa walibadili njia. Mtaani watoto walitishana: "Nitakusema kwa Mwalimu Loise!" na yule aliyetishwa alinyamaza. Jina lililokuwa la tiara na chura likawa la kuogofya. Wanza na mama yake walihamia Mbaraki.

Mwalimu aliendelea kufundisha. Kila majira alibandika karatasi yake, lakini tangu masika yale haikuwa na mtu ndani. Mvua imefika fundo la pili. Upepo umegeuka. Kivuli cha mlango kimerudi kwenye alama ya mwaka jana. Miaka kumi na mitatu, na hakuna jina la mtoto hata mmoja.

Mwezi wa Novemba 1912 nilikuwa nimerudi kutoka kisiwa cha Bukini, nikapita dukani kwa Yeslam. Mji mzima unajua kwamba karatasi kuukuu za ofisi huuzwa kwa uzito kwa wenye maduka, nao huzifungia bizari na pilipili. Yeslam aliniita kwa mkono nisogee kabla sijamaliza salamu.

"Chengo, ndoo utezame. Huu si mkono wa dadako?"

Lilikuwa daftari. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimeshakwenda na bizari ya mtu. Ndani yake ilikuwa imebanwa barua ya tarehe 23 Mei 1899, kwa Kiingereza kilichonyooka cha karani, na jina la Bwana Benard chini. Nimeifasiri hivi: "Daftari hili nimelitoa nyumbani bila mke wangu kujua. Nakaa katikati ya watu hawa. Naomba nisitajwe. Mkiulizwa, jibuni kwamba ni mwalimu aliyelileta."

Nilimpelekea dada yangu. Aliisoma barua akaikunja.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nyumbani tulikuwa wawili, na mmoja ni mimi."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Akasema, 'Ningesema ni mimi, tungekaa wapi?' Nikamwambia mimi sasa nakaa wapi. Akazima taa."

"Nitaisoma kanisani Jumapili hii."

"Hutaisoma. Wewe unapanda meli kesho kutwa, mimi ndiye ninayelala naye. Tena habari si yako, Chengo. Wala si yangu. Nikiisha kutoka humu ndani, fanya kama tulivyofundisha."

Februari 1913 miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema ni figo. Alifundisha ameketi mpaka mwisho wa Agosti, mtoto mmoja akishika fimbo ya maji badala yake. Septemba hakuinuka tena. Sitakata na hili: Bwana Benard alimhudumia. Alimwosha, alimbeba, alikesha. Hakusema neno lililobaki. Mwalimu Loise alifariki jana, Jumanne tarehe 7 Oktoba 1913, saa kumi na moja alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama Mbodze.

Jana hiyo hiyo, jua lilipopanda, nilikwenda Mbaraki. Wanza sasa ana miaka ishirini na miwili, huwapikia makuli wa gatini. Shule aliiacha siku kibanda kilipoungua, kwa hiyo nilimsomea mimi, huku akikoroga sufuria.

"Nilisema hivyo? Kata ya mpini mrefu?"

"Ulisema."

Nikamsomea barua. Alikoroga muda mrefu kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Mama alikufa mwaka wa 1908," akasema. "Wasia wake kwangu ulikuwa mmoja: nisimwambie habari zangu mtu yeyote mwenye kalamu. Akafa akimtaja Mwalimu."

"Najua."

"Na Mwalimu alijua tulipo?"

"Alikuja mara tatu. Alifika pale penye ngazi, akarudi."

"Mbona hakusema?"

"Alisema habari ni yako. Nami ndilo nililokujia. Tubandike?"

Aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwa leso.

"Ibandike, baba. Yote. Na barua chini yake, ili anayejua kusoma amsomee asiyejua."

Adhuhuri Bwana Benard alinifuata uani, akiwa na sanda mikononi. "Shemeji, lile fungu liache," akaniambia. "Wewe utaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki hapa." Nikamuuliza ni wapi alipokuwa amebaki dada yangu miaka hii yote. Niliipokea sanda, nikampelekea Mama Mbodze ndani.

Habari za Majira za vuli hii zimebandikwa leo asubuhi kwenye mlango wa Yeslam. Mkitoka hapa mtazipita njiani. Fundo la mvua halijajulikana, kwa kuwa mvua bado. Habari iliyopo ni moja, imetolewa na Wanza, mwenye umri wa miaka minane, na barua iko chini yake kama alivyotaka.

Marehemu ameacha mama yake, Bi Mbodze wa Rabai. Ndugu yake, Chengo. Mumewe, Bwana Benard, aliyesimama pale kushoto. Wanafunzi kumi na saba wa mwaka huu, ambao kesho watasimamisha fimbo uani kama kawaida. Na Wanza, aliyekuja kutoka Mbaraki kwa miguu na amesimama nyuma yenu. Mpisheni aje mbele atie udongo.

Mwalimu, lipumzike kwa amani jina lako, nawe pia. Tumemuuliza mwenye habari, na ametoa ruhusa.