Zamu ya Wavinya Kusema

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliotoka hospitalini kuja kutushika mkono, naitwa Ndanu, kifungua mimba wa marehemu, na ninasoma mimi kwa sababu Baba amesema hataweza.

Mama yetu Wavinya alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 huko Mwala, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimeu na Mama Mbithe, akasoma shule ya msingi papo hapo kijijini na sekondari Kangundo, akafuzu uuguzi mwaka wa 1994, na tangu 1999 amekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Machakos. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Baba yetu, Justus Nzau, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Jeff.

Kazini, kabla kisu hakijamgusa mgonjwa, Mama alitaka kila aliye chumbani, daktari mpasuaji kwa mfagiaji, ataje jina lake, kazi yake, na jambo linalomtia wasiwasi, na desturi hiyo aliileta nyumbani, hata kabla ya safari yetu ya Ekalakala Pasaka iliyopita tulisimama kando ya gari tukisema zamu kwa zamu, Jeff akicheka, na zamu ya Mama ilipofika alisema yuko sawa, tukapanda.

Januari mwaka huu alianza kukonda, akatuambia ni vidonda vya tumbo, tukamchemshia uji wa wimbi, akanywa, akashukuru. Alilazwa tarehe 30 Mei, na Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 akafariki, akiwa na miaka 54, kwa saratani ya ini.

Jumatano, tukiwa kwenye mkutano wa matayarisho ya mazishi, muuguzi mwenzake, Kamanthe, alituuliza, "Kwani nyinyi hamkuwa mnajua?" Ndipo tukaelezwa kwamba asubuhi moja ya Januari, zamu yake ya kusema ilipofika, Mama aliwaambia wenzake ugonjwa wake kwa jina, akawaomba wamwondoe mezani siku watakayoona mikono yake ikitetemeka. Baba alimwambia Kamanthe chai iko, akaribie. Mimi sijalia hadi leo, na si kwamba najikaza, machozi hayaji tu.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, majirani mliolala nasi matangani, na wenzake wa chumba cha upasuaji, mliomwekea kiti, mliompokea vifaa alipochoka, na mliotunza siri yake, ingawa hilo la mwisho nalisoma kwa sababu familia imeliandika. Tukishamzika tunaomba msikimbilie gari lenu, kaeni na Baba kidogo, mwambieni yale Mama aliyosema asubuhi ile, na kama alitutaja.

Mama, pumzika sasa kwa amani.